Studio ya nyumbani: chumba kwanza, maikrofoni baadaye

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wenzake waliondoka Unguja, wakavuka bahari hadi Bombay, India, ili sauti zao zinaswe kwenye santuri. Kwa msanii wa Afrika Mashariki wa wakati ule, vyombo vya kurekodia vilikuwa mbali, vilikuwa ghali, na vilimilikiwa na makampuni machache ya kigeni.

Leo kazi hiyo yaweza kufanyika chumbani, iwe ni Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Birmingham, kwa vifaa vinavyoenea ndani ya begi moja. Vijana wanarekodi nyimbo, waandishi wa habari wanatuma ripoti, na familia zilizotawanyika duniani zinanasa simulizi za wazee wao wangali hai.

Hata hivyo, urahisi huo umekuja na hasara yake. Mara nyingi fedha iliyodunduliziwa kwa miezi hununua maikrofoni ya bei kubwa, na sauti inayotoka ikawa kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa. Kwa mwimbaji, hasara hiyo ni ya fedha na muda. Kwa familia iliyomrekodi bibi wa miaka 85 akieleza nasaba ya ukoo, huenda nafasi yenyewe isirudi tena.

Je, mwenye fedha kidogo aanzie wapi?

Chumba nacho kinarekodiwa

Maikrofoni hainasi sauti ya mtu peke yake. Hunasa kila kinachosikika pale ilipo: feni, pikipiki inayopita, na zaidi ya yote, sauti ya mtu huyo huyo ikirudi kutoka ukutani.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, huenda hadi ukuta wa pili na kurejea kwa muda usiofika sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Sikio la binadamu aliyemo chumbani huuchuja mwangwi huo bila mwenyewe kujua, lakini maikrofoni haiuchuji. Ndiyo maana chumba ambacho watu huzungumza ndani yake bila taabu huweza kutoa rekodi isiyosikilizika.

Kukipima chumba hakuhitaji chombo chochote. Mtu husimama katikati, hupiga kofi moja kwa nguvu na kusikiliza. Kofi likikatika papo hapo, chumba kinafaa. Likiacha mlio unaotetema kama wa bati, chumba kinahitaji kutulizwa kabla ya senti moja kutumika dukani.

Hali hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Nyumba nyingi za nchi za Ghuba zina sakafu za vigae na kuta tupu zinazorudisha sauti, mbali na kiyoyozi kinachovuma mchana kutwa. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zina kuta nene zinazozuia kelele za nje, lakini lipu yake ngumu huzalisha mwangwi. Chumba chenye paa la mabati hakifai mvua inaponyesha. Katika fleti ya London zulia na pazia nzito husaidia, ila ukuta mwembamba hupitisha televisheni ya jirani.

Dawa ya mwangwi ni vitu laini na vinene: magodoro yaliyosimamishwa ukutani, mablanketi mazito yaliyotundikwa yakiacha nafasi kidogo nyuma yake, mazulia, makochi ya kitambaa, kabati la nguo lililoachwa wazi. Waandishi wa redio za kimataifa wamezoea tangu zamani kusoma ripoti zao chini ya blanketi katika vyumba vya hoteli. Mwaka 2020, janga la Uviko-19 lilipofunga ofisi, watangazaji kadhaa walihamia kwenye kabati zao za nguo.

Trei za mayai, ambazo huonekana kwenye kuta za studio nyingi za mitaani, hazina msaada mkubwa. Ni karatasi nyepesi. Hupunguza kidogo sauti kali za juu na kuziacha sauti nzito za chini zikizunguka kama zilivyokuwa, na tena hushika moto upesi.

Yafaa pia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Blanketi hupunguza mwangwi wa ndani, lakini halizuii kelele za nje. Kelele za nje huzuiwa na uzito: ukuta wa mawe au matofali, mlango mzito, mianya iliyozibwa. Mpangaji asiyeweza kujenga ukuta amebakiwa na njia moja, nayo ni kuchagua saa. Rekodi ya usiku wa manane, feni na friji zikiwa zimezimwa, mara nyingi huishinda rekodi ya jioni iliyofanywa kwa maikrofoni yenye thamani mara tano.

Dainamiki na kondensa

Maikrofoni za bei nafuu zinazofaa kwa kazi hii ni za aina mbili kuu.

Maikrofoni ya dainamiki ina kiwambo chembamba kilichobeba koili ya waya karibu na sumaku. Sauti hukitikisa kiwambo, na koili huzalisha umeme mdogo. Maikrofoni ya kondensa ina vibamba viwili vilivyokaribiana na vyenye chaji ya umeme. Kibamba cha mbele kikitikiswa na sauti, umeme huo hubadilika. Kwa kuwa kibamba hicho hakikubeba koili, ni chepesi mno, na hunasa mambo madogo kama pumzi ya mwimbaji na mguso wa risha juu ya nyuzi za udi.

Kondensa ilibuniwa Marekani na E. C. Wente mwaka 1916, na kwa muda mrefu ilikuwa chombo cha studio kubwa. Mwaka 1962 James West, mwanasayansi Mmarekani mweusi, na mwenzake Mjerumani Gerhard Sessler, wakifanya kazi katika maabara ya Bell, walibuni kondensa inayohifadhi chaji yake yenyewe. Uvumbuzi huo ulishusha bei sana, na kwa miongo kadhaa maikrofoni za namna hiyo ndizo zilizowekwa ndani ya simu, redio kaseti na kamera.

Katika studio ya nyumbani, wepesi wa kondensa una pande mbili. Humpa mwimbaji sauti yenye uhai, na papo hapo humletea jogoo wa jirani. Dainamiki haina akili ya kutambua kelele na kuzikataa. Ila kwa kuwa unyeti wake ni mdogo, humlazimisha mtu kuikaribia, na ukaribu huo ndio unaozifunika kelele.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: chumba chenye makelele au mwangwi kinahitaji dainamiki, na chumba kimya kilichotulizwa kinaweza kuihimili kondensa. Anayesita kati ya hizo mbili, na asiyejua atakuwa akirekodi wapi mwakani, aanze na dainamiki.

Wala dainamiki si chombo cha mafukara. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, na ndugu yake SM58, ya mwaka 1966, zingali zikitumika majukwaani duniani kote, na bei yake ni dola 100 hivi. Sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya mwaka 1982 ilirekodiwa kwa maikrofoni ya dainamiki, Shure SM7.

Mrithi wake wa sasa, SM7B, amependwa sana na watangazaji wa mtandaoni, na hapo pana mtego. Maikrofoni hiyo hutoa umeme mdogo sana, unaohitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60. Vifaa vingi vya bei ya chini vikilazimishwa kufika huko, huongeza mchujuo kama wa mvua ya mbali. Mnunuzi aliyetoa dola 400 hujikuta akihitaji kifaa kingine cha kukuza sauti, na chumba chake bado kina mwangwi uleule.

Umbali haununuliwi

Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya mtu huongezeka kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki ulivyo. Aliyekaa sentimita 60 akisogea hadi sentimita 15 huwa ameipa sauti yake nguvu ya desibeli 12 zaidi juu ya chumba, bila kulipa chochote.

Kwa wengi, kipimo kizuri ni shibiri moja kwa kondensa na nusu shibiri kwa dainamiki. Kukaribia kupita hapo huleta matatizo mengine: sauti nzito za chini huvimba, na herufi kama p na b hupasuka kwa pumzi. Kinga yake ni kuisogeza maikrofoni kidogo kando ya mdomo, na kuweka mbele yake chujio la pumzi. Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya hufanya kazi hiyo vizuri.

Maikrofoni nyingi za waimbaji husikia kwa umbo linalofanana na moyo: mbele husikia vyema, ubavuni kwa kiasi, na nyuma karibu ni kiziwi. Basi mgongo wa maikrofoni ndio uelekezwe penye feni, dirisha au kompyuta. Wengi hufanya kinyume, wakaigeuzia dirisha uso wake.

Mtafiti Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo vijijini, alikuwa akishika maikrofoni mkononi na kuisogeza karibu na mwimbaji au ala aliyotaka isikike. Vyombo vyake vilikuwa duni kuliko vinavyouzwa leo kwa bei ya viatu, lakini rekodi zake zingali zinasikilizwa.

Kutoka kwenye waya hadi kompyuta

Umeme unaotoka kwenye maikrofoni ni mdogo, nayo kompyuta huelewa tarakimu tu. Kinachounganisha viwili hivyo ni kisanduku ambacho mafundi wengi wa studio hukiita saundi kadi. Hukuza umeme huo na kuugeuza tarakimu. Pia huipa kondensa volti 48 inazohitaji, kupitia waya uleule wa XLR unaoleta sauti. Mnunuzi wa kondensa ya XLR ahakikishe kwamba saundi kadi yake ina swichi ya volti 48, kwa sababu bila hizo maikrofoni hubaki bubu.

Maikrofoni za USB zina saundi kadi yao ndani na huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Ni rahisi na hugharimu kidogo, lakini kuunganisha mbili kwa pamoja ni kazi ya kusumbua, na sehemu moja ikiharibika chote hutupwa. Zipo zenye matundu yote mawili, la USB na la XLR, kama Samson Q2U, ambayo huuzwa kwa chini ya dola 100. Mwenye kuanza hutumia USB leo, na siku akipata saundi kadi, maikrofoni yake haimlazimu kuibadilisha.

Palipo na mgao wa umeme, kuna sifa moja ambayo matangazo ya biashara huitaja kwa nadra: saundi kadi inayojitosheleza kwa umeme wa USB. Ikiunganishwa na kompyuta ndogo yenye betri, kazi huendelea taa zikizimika. Tena kompyuta isiyochomekwa ukutani huwa haina ule mvumo mzito unaosababishwa na nyaya mbovu za nyumba.

Kwa upande wa kusikiliza, hedifoni zinazofunika sikio lote ndizo zinazofaa wakati wa kurekodi, kwani zilizo wazi huvujisha muziki hadi kwenye maikrofoni. Programu za kompyuta zisiwe sababu ya gharama kubwa. Audacity, iliyotoka mwaka 2000, hutolewa bure. GarageBand huja na kompyuta za Apple, na leseni ya Reaper kwa mtumiaji binafsi ni dola 60.

Bajeti tatu

Mwenye dola 20 au 30 anayo tayari simu, na simu hiyo yatosha kwa kuanzia. Anunue maikrofoni ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, aiweke chini kidogo ya shingo ya msemaji, na fedha iliyobaki aitafutie mablanketi. Kwa simulizi za wazee hii huenda ikawa njia bora kuliko zote, kwani mzee husahau kwamba anarekodiwa na huzungumza kwa uhuru.

Mwenye dola 100 hadi 150 anunue dainamiki yenye USB na XLR, hedifoni za kufunika sikio na stendi imara. Stendi isidharauliwe, maana maikrofoni iliyowekwa juu ya meza hunasa kila kidole kinachogusa meza hiyo.

Mwenye dola 300 hadi 400 anunue saundi kadi yenye matundu mawili ya maikrofoni, dainamiki moja ya kuaminika, hedifoni, stendi, waya mzuri wa XLR, na diski ya nje ya kuhifadhia. Kondensa ije baadaye, chumba kikishatulizwa. Bei hizi ni za masoko ya Marekani na Ulaya. Afrika Mashariki, nauli ya mzigo na ushuru huziongeza, na ni vyema gharama hizo ziulizwe kabla ya kulipa.

Vifaa vinavyovuka mipaka

Vifaa vingi hununuliwa ng'ambo na kutumwa nyumbani kama zawadi, na hapo mambo matatu huangaliwa.

La kwanza ni umeme. Nyumba za Marekani hutumia volti 120, ilhali Tanzania na Kenya hutumia volti 230 hadi 240. Adapta iliyoandikwa 100-240 hufanya kazi kokote. Iliyoandikwa 120 pekee huungua siku ya kwanza.

La pili ni bidhaa bandia. SM58 ni miongoni mwa maikrofoni zinazoghushiwa sana, na kampuni ya Shure imewahi kutoa tahadhari kwa umma juu ya jambo hilo. Ya kweli ina uzito wa gramu 298, kwa hiyo iliyo nyepesi mkononi na ya bei ya kutupa itiliwe shaka. Mizani ndogo ya jikoni hutoa hukumu ndani ya dakika moja.

La tatu ni hewa ya pwani. Unyevu na chumvi ni adui wa kondensa, na ikishapata unyevunyevu hutoa mikwaruzo. Baada ya kazi yafaa ihifadhiwe ndani ya chombo chenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Baada ya kubonyeza kitufe

Makosa mawili hayana tiba. Moja ni sauti iliyozidi kipimo. Kwenye kompyuta kikomo ni sifuri, na sauti ikikivuka hupasuka, wala hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Mwimbaji aimbe kwanza sehemu yenye kelele zaidi ya wimbo wake, na kipimo kirekebishwe hadi vilele vyake viishie kati ya desibeli -12 na -6. Kwa rekodi ya biti 24 hakuna sababu ya kusogelea sifuri.

La pili ni kupotea kwa rekodi yenyewe. Saa moja ya mazungumzo kwa maikrofoni moja, ikihifadhiwa katika muundo wa WAV wa kilohezi 48 na biti 24, huchukua takriban megabaiti 520. Ni kubwa, lakini ndiyo nakala kamili, na MP3 itengenezwe kutoka kwayo kwa ajili ya kusambazwa tu. Anayetuma kwa WhatsApp aitume kama waraka, kwani ujumbe wa sauti wa kawaida hubanwa na kupunguzwa ubora. Nakala ziwe mbili, katika sehemu mbili tofauti, ikiwezekana moja nyumbani na nyingine kwa ndugu aliye nchi nyingine.

Kwa wanaokusudia kuwarekodi wazee, maandalizi yafanyike siku moja kabla. Chumba kipigiwe kofi, feni izimwe, betri ijazwe, na dakika moja ya majaribio irekodiwe na kusikilizwa kwa hedifoni. Mzee aelezwe sauti yake itatumika wapi na aombwe ridhaa. Siku yenyewe maikrofoni isiwe jambo la kujadiliwa tena. Wakati huo ni wa kusikiliza.

Baadhi ya nyimbo ambazo Siti binti Saad alizirekodi Bombay zinasikika hadi leo, karibu karne moja baadaye, kwa sababu kuna watu waliozitunza santuri zake. Bibi anayesimulia kwenye baraza ya nyumba yake hahitaji tena kuvuka bahari. Anahitaji chumba kilichotulizwa, maikrofoni iliyo karibu naye, na mjukuu atakayekumbuka kuweka nakala ya pili.